Taa nane za kijani: kisa cha faili zilizokatika njiani kuelekea diski ya mtandao

Mazingira

Kisa hiki kilitokea Arusha, kwenye ofisi ya wapima ardhi yenye watumishi 14. Jina la ofisi, mtaa na majina ya watu nimeyaacha kwa makubaliano na mwenye ofisi. Aliniruhusu kukiandika kwa sababu anajua ofisi nyingi ndogo za mjini zinaishi kwa mpangilio kama wake: seva moja (kompyuta inayotunza faili za wote) ndani ya kabati, swichi moja ya mtandao juu yake inayounganisha nyaya za kompyuta zote, na kila kompyuta inaiona seva hiyo kama diski yenye herufi. Hapa herufi ni Z. Mimi ndiye fundi wao wa mifumo, naitwa panapoharibika.

Mtu akifungua Z haoni seva. Anaona diski, sawa na ile iliyomo ndani ya mashine yake. Uzuri wake ndio huo, na makosa mengi huzaliwa hapo hapo, maana anasahau kwamba kati ya kidole chake na diski ile kuna kadi ya mtandao, kichwa cha plastiki, waya mrefu unaopita darini, swichi, waya mwingine, na mwisho mashine ya pili yenye sheria zake.

Kwa miaka mingi Z ilibeba barua, hesabu na ramani za PDF, vitu vya megabaiti chache. Kisha ofisi ikanunua droni. Safari moja ya droni hurudi na picha 600 hadi 800, kila moja ikiwa na megabaiti 8 au 9, na zikishaunganishwa kuwa ramani moja ya picha, faili hiyo peke yake huvuka gigabaiti 4. Kazi ya picha ilihitaji utulivu, kwa hiyo dada anayeishughulikia alihamishiwa chumba cha nyuma. Fundi wa waya aliitwa, akapitisha waya mpya darini kutoka kabatini hadi huko, kama mita 45. Ilikuwa mwisho wa masika, kabla timu hazijaanza kwenda uwandani kwa wingi. Mimi sikuwepo siku hiyo.

Malalamiko yalivyofika

Wiki tatu baadaye dada wa picha alinipigia.

"Shikamoo kaka. Diski Z imekufa tena."

"Marahaba. Imekufa kwa wote au kwako tu?"

"Kwangu tu. Wenzangu wanafungua kazi zao kama kawaida. Hata mimi nikifungua barua inafunguka. Nikikopi picha ndiyo inakata."

Naomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa sababu nusu ya jibu ilikuwa humo: mashine moja, faili kubwa tu. Niliyasikia, nikayaandika kwenye daftari, halafu nilipofika nikashughulika na jambo lingine kabisa.

Kilichonivuta ni ujumbe wa kosa. Kwenye skrini yake kulikuwa na jumbe mbili zilizokuwa zikija kwa zamu, naye aliziona kuwa kitu kimoja. Wa kwanza ulisema jina la mtandao lililotajwa halipatikani tena, na namba yake ni 0x80070040. Wa pili ulilalamika kwamba njia ya kufikia faili ni ndefu mno. Huu wa pili naujua vizuri, nimeshautibu mara nyingi, nikaenda nao.

Siku ya kwanza: majina marefu

Windows kwa asili huhesabu njia nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi nukta na kiambishi cha mwisho, na kikomo chake ni herufi 260. Tangu toleo la 1607 la Windows 10, mwaka 2016, kuna mpangilio wa kuondoa kikomo hicho, lakini programu yenyewe lazima iwe imetengenezwa kuutumia. Dirisha la kawaida la mafaili halikuokoi hapo.

Ofisi hii hupanga miradi kwa mkoa, wilaya, kata, kijiji, jina la mteja, tarehe, aina ya kazi. Kila ngazi ni folda, na kila folda ina jina kamili lenye nafasi na mabano. Nilihesabu njia moja nikakuta herufi 241 ikianzia Z. Dada alipoikopi folda hiyo kwenda kwenye eneo-kazi la laptopu yake, herufi mbili za mwanzo za Z ziligeuka kuwa anwani ndefu ya diski C, folda ya watumiaji, jina lake na eneo-kazi. Kikomo kikapitwa, na Windows ikakataa.

Hapa kuna jambo ambalo ofisi nyingi hazilijui. Diski yenye herufi hufupisha njia kwa anayeitumia, haiifupishi kwa seva. Faili inayoonekana kwa dada kuwa na herufi 241, kule ndani ya seva imekaa chini ya folda nyingine tatu za juu, na urefu wake halisi ulikuwa 279. Yeye aliweza kuitengeneza na kuifungua bila shida, lakini programu ya zamani ya nakala rudufu, inayofanya kazi usiku ndani ya seva yenyewe, ilishindwa kuifikia na kuiruka. Nilipofungua kumbukumbu za programu hiyo nilikuta faili 1,300 na zaidi zimerukwa, nyingine kwa miezi. Hakuna aliyewahi kuzisoma kumbukumbu hizo, nami nimo.

Basi uamuzi wa siku ya kwanza ulikuwa kufupisha majina ya mradi ulio mbele yetu. Tulipomaliza, tukajaribu kukopi folda yenye picha 40. Ikapita. Nikasema imepona, nikaondoka saa kumi jioni.

Kosa lilikuwa la kweli na tiba ilikuwa ya kweli. Jaribio ndilo lilikuwa dogo mno. Picha 40 ni kama megabaiti 340, na dada alikuwa amenieleza tangu asubuhi kwamba tatizo ni mzigo mkubwa.

Siku ya pili: usiku uliopotea

Kesho yake ikakata tena, na safari hii ujumbe ulikuwa ule wa kwanza peke yake. Nikiwa mbali, upande wa Moshi kwa kazi nyingine, nilimwelekeza kwa simu atumie robocopy, programu ya kunakili iliyomo ndani ya Windows, iache ifanye kazi usiku kucha. Nilifikiri kinachokata ni dirisha la mafaili kuzidiwa.

Kwanza tulipoteza nusu saa kwa jambo dogo. Nilimwambia afungue dirisha la amri kama msimamizi, naye akaniambia Z haipo kabisa. Ilikuwepo. Windows hutenga kikao cha msimamizi na kikao cha kawaida, na diski za mtandao zilizounganishwa upande mmoja hazionekani upande wa pili. Nilipomwambia afungue dirisha la kawaida, Z ikarudi.

Robocopy ikaanza saa moja jioni. Saa mbili asubuhi ilikuwa imesimama kwenye picha ya 93. Nilikuwa nimesahau kumpa vikomo vya kurudia. Bila kuambiwa, robocopy ikishindwa faili moja husubiri sekunde 30 na kujaribu tena, hadi mara 1,000,000. Ukipiga hesabu hizo ni siku 347 kwenye faili moja. Na faili hiyo, tulivyogundua, haikuwa na uhusiano na tatizo letu: nakala yake ya zamani kwenye seva ilikuwa imefunguliwa na programu ya ramani kwenye kompyuta ya mpimaji mwingine aliyeondoka bila kuifunga.

Siku ya tatu: hasara

Wakati tunahangaika hivyo, kilichokuwa kikiendelea bila mimi kujua ni hiki. Siku mbili nyuma dada alikuwa amehamisha picha za safari nzima kutoka kwenye kadi ya kumbukumbu kwenda Z. Hakunakili, alikata na kubandika, kama wengi wanavyofanya ili kadi ibaki tupu. Windows inapohamisha kutoka diski moja kwenda nyingine, faili zilizofika huondolewa kule zilikotoka, na zilizoshindwa hubaki. Mtandao ulipokata, akabonyeza kitufe cha kuruka na kuweka alama ya kufanya hivyo kwa zote zinazofuata. Dirisha likafungwa. Kwenye Z kulikuwa na folda iliyojaa picha, akaona kazi imekwisha.

Asubuhi yake kijana wa droni alichukua kadi, akaifuta akiwa uwandani, akarusha safari mpya juu yake.

Siku ya tatu programu ya kuunganisha picha ikaonyesha ramani yenye pengo upande mzima wa mashariki. Picha 472 zilikuwepo kati ya 684. Nyingine 212 zilikuwa zimebaki kwenye kadi, na kadi ilikuwa imeandikwa juu. Tulijaribu programu ya kuokoa faili, tukapata chache, nyingi zikiwa nusu picha nusu rangi ya kijivu.

Mzee mwenye ofisi aliniita. Hakufoka.

"Mwanangu, mimi nikipima kiwanja nikaacha pembe moja, sijapima kiwanja. Niambie, picha zikifika Z nitajuaje kwamba zimefika zote?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Swali hilo lilibadilisha namna nilivyolishika tatizo. Niliomba nusu siku ya chumba cha nyuma bila mtu mwingine kukitumia.

Kugawa njia vipande

Nilitengeneza faili moja ya gigabaiti 2 na kuitumia hiyo hiyo kila mara, nikibadilisha kitu kimoja tu kila jaribio.

Laptopu ya dada, kwenye tundu la ukutani la chumba cha nyuma: ilikata kwenye asilimia 14, kisha 51, kisha 30. Kukata mahali tofauti kila mara ni dalili kubwa. Faili mbovu au jina refu hukwama palepale kila unaporudia. Kinachokata popote kinatafutwa njiani.

Laptopu ileile nikaibeba hadi kabatini, nikaichomeka kwenye swichi kwa waya mfupi wa dukani: faili ilipita nzima, megabaiti 110 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi unayotegemea kwa mtandao wa gigabiti. Nikaazima laptopu ya mhasibu, ambayo haijawahi kulalamika, nikaipeleka chumba cha nyuma: ikakata kwenye asilimia 22. Nikabadilisha waya mfupi wa kutoka ukutani, nikabadilisha tundu la swichi. Ikakata vilevile.

Mashine ya dada ikawa imetolewa kwenye lawama, na seva, na swichi. Kilichobaki ni waya wa darini. Majaribio yote hayo yalichukua dakika 50. Siku mbili na nusu zilikuwa zimepita bila mimi kuyafanya.

Tesita iliyosema kweli na kunipoteza

Nikatoa tesita yangu ya waya, ile ya vipande viwili ambayo kila fundi wa Arusha anayo mfukoni. Unachomeka upande mmoja kabatini, upande wa pili ukutani, taa zinawaka kwa zamu 1 hadi 8. Zikawaka zote kijani, kwa mpangilio, bila kuruka hata moja. Nikarudia mara tatu.

Hapo nikayatilia shaka majaribio yangu mwenyewe. Mchana wote nilirudi kwenye laptopu: nikaondoa mpangilio unaoruhusu Windows kuzima kadi ya mtandao ili kuokoa umeme, nikasasisha programu endeshi (draiva) ya kadi, nikaisimamisha programu ya kuzuia virusi kwa dakika chache kisha nikairudisha. Hakuna kilichobadilika.

Asubuhi ya siku ya nne nilianza na kipimo kingine. Amri ya ping ya Windows hutuma vifurushi vidogo vya data, yaani pakiti, kwenda mashine nyingine na kusubiri virudi; ukiipiga bila nyongeza, kila pakiti hubeba baiti 32 tu. Nilituma 500 za namna hiyo kwenda seva na zote zikarudi. Kisha nikatuma 500 zenye baiti 1,472, na amri ya kukataza zisigawanywe. Baiti 1,472 pamoja na baiti za utangulizi za itifaki (sheria za mawasiliano ya mtandao) hufika 1,500, kipimo cha kawaida cha mzigo wa fremu moja ya mtandao, yaani kifurushi kimoja kinachopita kwenye waya. Kati ya hizo 500, 31 hazikurudi. Pakiti ndogo ni kama mpita njia mwepesi, anavuka barabara kabla gari halijafika. Kubwa ina biti nyingi zaidi za kuguswa na kelele za umeme, na biti moja ikiharibika fremu nzima inatupwa.

Nikafungua ukurasa wa usimamizi wa swichi. Kwenye tundu la chumba cha nyuma kaunta ya fremu zilizoharibika ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu, na kwenye matundu mengine yote ilisoma sifuri. Historia ya tundu ilionyesha muunganiko ukishuka kutoka gigabiti 1 hadi megabiti 100 na kupanda tena, mara kadhaa kwa saa.

Nikachukua kisu, nikafungua kichwa cha RJ45, kile cha plastiki mwishoni mwa waya, upande wa kabatini.

Ndani ya kichwa

Waya wa mtandao una nyuzi nane zilizosokotwa jozi nne: chungwa, kijani, buluu na kahawia, kila rangi na mwenzake mweupe mwenye mstari wa rangi hiyo. Kwa mpangilio unaotumika sana, unaoitwa T568B, nyuzi hupangwa hivi kutoka pini ya kwanza: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Tazama kijani: wawili wale hawakai bega kwa bega. Mmoja yuko pini ya 3, mwenzake pini ya 6, na jozi ya buluu imekaa katikati yao. Anayeona mpangilio huo mara ya kwanza hudhani ni kosa la uchapaji.

Kichwa nilichokifungua kilikuwa kimepangwa vizuri kwa macho: chungwa wawili, kijani wawili, buluu wawili, kahawia wawili. Nikapanda darini, nikateremka chumba cha nyuma, nikafungua kichwa cha upande wa pili. Vilevile kabisa.

Kwa kuwa pande zote mbili zimefanana, uzi wa pini ya 1 unafika pini ya 1, wa 2 unafika 2, hadi 8. Tesita ya taa inauliza swali hilo tu, na jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini swichi na kadi ya mtandao hazitumii nyuzi moja moja, hutumia jozi: 1 na 2, 3 na 6, 4 na 5, 7 na 8. Ishara hupita kwenye uzi mmoja, na kinyume chake kwenye mwenzake. Kwa sababu wamesokotwa pamoja, kelele ikiwagusa inawagusa wote sawasawa, na upande wa kupokea ukichukua tofauti kati yao kelele inajifuta. Msokoto huo ndio kinga ya waya. Kwenye waya huu, pini ya 3 ilikuwa nyeupe-kijani na pini ya 6 ilikuwa buluu, watu wa familia mbili tofauti. Pini ya 4 na ya 5 nazo hivyo hivyo. Jozi mbili kati ya nne zilikuwa zinasafiri mita 45 zikiwa hazikusokotwa na wenzao, kila moja ikipokea kelele za jirani yake.

Kwenye waya wa mita mbili au tatu kosa hili laweza kukaa miaka bila kuonekana. Baadaye tulikuta nyaya nyingine mbili za mkono uleule, moja ya mita 3 na nyingine ya mita 6, na waliokuwa wakizitumia hawakuwahi kulalamika. Urefu na mzigo ndivyo vilivyoifichua.

Sasa ujumbe wa 0x80070040 ukaeleweka. Fremu ikiharibika hutupwa, na TCP, itifaki inayohakikisha data imefika, huituma tena. Ndiyo maana picha zilizofika zilifika salama, hazikuwa na madoa: mtandao haukuwa unaharibu faili, ulikuwa unachelewesha na kukata. Fremu zikipotea nyingi kwa mfululizo, au muunganiko ukishuka kasi na kujipanga upya, kikao kati ya laptopu na seva kinavunjika, na Windows inaripoti kwamba jina la mtandao halipo tena. Inataja mahali ilipogundua, yaani kwenye diski Z. Haijui habari za darini.

Tiba na matokeo

Sikuvuta waya mpya. Nilikwangua ncha ya uzi kwa kisu kuhakikisha ni shaba hadi ndani, maana madukani zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu, na hizo ningezing'oa bila kufikiri mara mbili. Ilikuwa shaba. Nikakata vichwa vyote viwili, nikapanga kwa T568B, nikaacha msokoto uingie karibu kabisa na kichwa, nikabana. Kazi yenyewe dakika 20.

Pakiti kubwa 500 zikaenda na 500 zikarudi. Kaunta ya fremu mbovu niliirudisha sifuri, na wiki mbili baadaye ilikuwa bado sifuri. Faili ya gigabaiti 2 ilipita kwa sekunde 19. Dada alikopi safari nzima ya droni akiwa amesimama, mikono nyuma, akisubiri ikate. Haikukata.

Upande wa mashariki ulirushwa upya. Kibali cha kurusha kilikuwa bado hai, kwa hiyo gharama ilikuwa gari, mafuta na asubuhi ya watu watatu. Mteja alipata ramani yake siku nne baada ya ahadi.

Uchambuzi

Kilichotuchelewesha zaidi ni kuwa na makosa mawili ya kweli kwa wakati mmoja, na la kwanza kupona mbele ya macho yetu. Kama kufupisha majina kusingesaidia chochote, ningeendelea kutafuta jioni ileile. Kwa kuwa kulisaidia nusu, nilifunga daftari. Tangu hapo ujumbe ukiwa wa aina mbili nauandika kwenye kurasa mbili, na kila mmoja unahitaji jaribio lake, lenye mzigo sawa na ule uliomkwaza mtumiaji. Folda ya picha 40 haikuwa na haki ya kuitwa jaribio la tatizo la picha 684.

Kugawa njia vipande kulifaa sana, na jibu lake lilikuwa sahihi tangu mara ya kwanza. Nililiacha kwa sababu kifaa chenye taa kilipinga. Leo nafikiri hivi: majaribio matano yaliyoelekeza mahali pamoja yalikuwa na uzito kuliko tesita isiyopima kile nilichokuwa natafuta. Vipo vifaa vinavyopima jozi na kelele, bei yake ni kubwa kwa fundi wa ofisi ndogo. Lakini ping yenye mzigo kamili na kaunta za swichi ni bure, na zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Kutazama kichwa pia ni bure: plastiki yake inapitisha mwanga, rangi zinasomeka bila kisu. Ningeviinua vile vichwa karibu na taa, ningeuona ule mpangilio wa wawili wawili.

Fundi aliyebana vichwa vile hakufanya uzembe. Alipanga rangi kwa mantiki, akapima kwa tesita, akaona kijani, akakabidhi. Nilimtafuta, tukakaa naye kwenye meza na kipande cha waya, nikamwonyesha jozi ya kijani inavyoruka ile ya buluu. Alinyamaza kidogo, kisha akanitajia majengo mawili ambako alivuta nyaya ndefu mwaka huohuo, akasema anarudi huko.

Kuhusu picha zilizopotea, waya ulikata lakini waya haukufuta kadi. Kilichofuta kadi ni utaratibu uliochukulia kwamba folda yenye picha ni folda yenye picha zote. Hili ndilo swali la mzee, na jibu tulilompa ni utaratibu ulioandikwa kwa mkono na kubandikwa chumba cha nyuma. Kukata na kubandika kutoka kwenye kadi kumepigwa marufuku. Picha hunakiliwa kwa robocopy ikiwa imepewa kurudia mara 2 na kusubiri sekunde 5, na kumbukumbu yake huandikwa kwenye faili. Ikimaliza, amri ileile hupigwa tena ikiwa na nyongeza ya /L, ambayo hainakili kitu, inaorodhesha tu kile ambacho ingenakili. Safu ya za kunakiliwa na ya zilizoshindwa zikisoma sifuri zote, dada anaweka sahihi kwenye bahasha ndogo ya kadi. Kadi isiyo na sahihi haifutwi, hata kama kijana wa droni yuko uwandani na jua linazama. Anabeba kadi ya akiba.

Robocopy hulinganisha ukubwa na muda wa faili, haisomi yaliyomo. Kwa picha za uwandani nimeona inatosha. Kwa ramani ya mwisho inayokwenda kwa mteja tunaongeza alama ya SHA256, namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani ya faili na inayopatikana kwa amri ya certutil pande zote mbili, na alama zikitofautiana hata kwa herufi moja faili inanakiliwa upya. Nyongeza ya /MIR nimewakataza wasiiguse. Hiyo hufanya kule mwisho pafanane na mwanzo, na kwa kadi iliyo tupu maana yake ni kuifuta folda ya Z.

Jambo la nakala rudufu ningelipa uzito kuliko yote, ingawa ndilo lililojitokeza kwa bahati. Waya ulipiga kelele kila siku hadi tukausikia. Faili 1,300 zilizorukwa usiku hazikumsumbua mtu yeyote, na seva ingeungua ndipo ofisi ingejua kwamba hazipo mahali pengine. Programu ile tumeibadilisha kwa inayoweza kubeba njia ndefu, na muhtasari wake sasa unatumwa kwa barua pepe kwa watu wawili kila asubuhi. Majina ya folda nayo yanafupishwa: kata na kijiji vimepewa vifupisho vya herufi tatu, na orodha yake ipo mwanzoni mwa Z. Miradi ya miaka ya nyuma bado. Dada na mhasibu huifanya Ijumaa mchana simu zikipungua, na wiki iliyopita walikuwa wamefika mwaka 2021.